Jasi

Kliniki ya Chiayi, Alhamisi, mvua.
Muuguzi Lo anasukuma mizani kwa kidole,
anaandika, anauliza bila kunitazama:
Maziwa ya ng'ombe hanywi? Hata jibini?
Nasema nyumba yetu haili chenye mama,
wala haimnyang'anyi ndama.
Anaandika hilo pia.
Kisha kwa kalamu nyekundu: kalsiamu,
miligramu mia tano, kila siku.
"Kila siku" ameipigia mistari miwili.

Mia tano. Nazihesabu kama mwenye duka mwenye deni.
Spinachi niliiamini mno,
kumbe ni tajiri bahili:
mali anayo, ufunguo kaumeza.
Kabichi ya Kichina hutoa. Majani ya figili hutoa.
Ufuta mweusi nausaga mpaka utoke jasho la mafuta,
naupaka kwenye mkate,
na Ruo-an anaupaka ukutani.

Halafu maziwa ya soya, yale yaliyotiwa madini.
Wiki tatu nilimmiminia bila kutikisa pakiti.
Siku nilipoikata moja kwa mkasi ili niioshe,
nikakuta chini tope jeupe,
laini kama poda ya mtoto.
Mifupa yake, imekaa kitako, inanisubiri.
Pakiti ngapi nilikuwa nimeshazitupa?
Nililia pale kwenye sinki. Si sana.
Tangu siku hiyo mkono wangu hutikisa kila kitu,
hata chupa ya sabuni.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Ila kibaba changu kina miguu,
kinazunguka meza kikipiga kelele: Sitaki!

Na kuna mama mkwe.
Pi-yun aliteleza ngazini mwezi wa tatu
akishuka na beseni la nguo;
kiwiko hadi kiganja sasa ni hogo jeupe.
"Kama biskuti," anasema juu ya mfupa wake,
kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani.
Vidonge vya daktari anavificha chini ya mchele.
Nimeviona. Anajua nimeviona.
Tunapika wali, hatusemi.

Saa kumi na moja alfajiri niko kwa Bwana Chuang,
nyuma ya soko, miwani yangu imejaa mvuke.
Anachota kijiko cha unga wa jasi,
anaukoroga majini,
anaumwaga pamoja na maziwa ya moto kutoka juu,
mara moja, kama mtu anayemaliza ubishi.
Anafunika. "Usiguse."
Tunangoja, tukisikiliza pikipiki za watu wa zamu.
Anapofunua, maziwa yameshikana,
yanatetemeka kama shavu.

"Wengine hugandisha kwa chumvi ya bahari.
Mimi, jiwe," anasema. "Mtoto anataka jiwe.
Hata hogo la mama mkwe wako ni jiwe hilihili,
limechomwa tu, likasagwa."
Anacheka, ananirudishia chenji iliyolowa.
Natembea na bakuli chini ya koti la mvua,
moto wake tumboni pangu,
pale pale Ruo-an alipokuwa akipiga mateke.

Mezani anafunga mdomo kama droo.
Ndege ya kijiko inaruka, haipati kiwanja.
Pi-yun, kwa mkono wa kushoto asiouzoea,
anachota tofu; inamponyoka,
inatua juu ya hogo, plap,
karibu na mbwa aliyechorwa juzi kwa wino wa kijani.

Kimya.
Ruo-an anaitazama. Anainama.
Anaifyonza kutoka kwenye plasta,
na mbwa anabaki na sikio moja.

Pi-yun anachota tena. Moja anaila yeye,
moja anaiangusha, sasa kwa makusudi.
Najifanya nafuta ukuta.
Sithubutu kugeuka, nisije nikaharibu.

Kesho huenda akaitema, au akataka mbwa mpya kwanza.
Usiku napima mchele wa kesho:
vidonge vimebaki saba.
Jana vilikuwa vinane.